Kuni za Garimoshi: Reli ya Kati, Misitu ya Morogoro na Milima ya Uluguru

Mwaka 1899 mzee mmoja wa Kijerumani, aliyewahi kuwa mkuu wa kampuni ya gesi katika mji wa Dessau, alichapisha kitabu cha kuishawishi nchi yake ijenge reli kutoka Dar es Salaam kwenda bara. Aliitwa Wilhelm Oechelhäuser. Kwao alijulikana kwa mambo mawili: taa za gesi, na mapenzi makubwa kwa tamthilia za Shakespeare, kwani ni yeye aliyechochea kuundwa kwa Chama cha Shakespeare cha Ujerumani mwaka 1864. Reli aliyoipigania ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907, miaka mitano baada ya kifo chake. Tangu siku hiyo, kwa kipindi kirefu, njia ya chuma ndiyo iliyoamua mti upi wa Morogoro uanguke na upi usimame. Ukiitazama ramani ya misitu ya mkoa huu leo, bado unaiona reli ndani yake.

Kabla ya chuma: miguu na mabega

Katikati ya karne ya 19 Morogoro ilikuwa mji wenye ngome. Aliyeujenga ni Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Kizigua, aliyekusanya watu chini ya milima, penye maji yasiyokauka, kando ya njia ya misafara. Mji ukajulikana kwa jina la binti yake, Simbamwene. Henry Morton Stanley aliupita mwaka 1871 akielekea Ujiji, akasifu kuta na minara yake. Aliporudi mwaka uliofuata alikuta mafuriko yamezoa sehemu kubwa ya mji. Maji ya Uluguru, yaliyowavuta watu hapo, ndiyo hayo hayo yaliyoubomoa.

Bidhaa za njia ile zilisafiri kwa mabega. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, pamoja na chungu chake na mkeka wake. Pembe za ndovu zilibebeka hivyo. Nguo, shanga na waya wa shaba vilibebeka. Gogo la mvule halikubebeka. Kwa hiyo, ingawa misafara ilipita karne nzima chini ya milima yenye miti mikubwa kuliko yote iliyokuwa njiani, haikuigusa. Mti uliokatwa ulikuwa wa nguzo ya nyumba, mchi na kinu, mzinga wa nyuki, au kuni za jikoni.

Milimani kwenyewe Waluguru walikuwa wamegawana ardhi kwa koo, na ukoo ulihesabiwa upande wa mama. Misitu ya vileleni ilikuwa na heshima yake. Huko ndiko yalikotoka maji na ndiko yalikokaa matambiko, na huko Kinole, upande wa mashariki, kiongozi aliyeitwa Kingalu alijulikana mbali kwa uwezo wa kuita mvua. Sisemi kwamba watu hawakufyeka. Walifyeka, hasa mabonde yenye udongo mzuri, na kadiri miaka ilivyopita mashamba yalipanda juu. Lakini hapakuwa na mtu aliyefyeka kwa ajili ya soko lililo umbali wa kilomita mia mbili, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuufikisha mti sokoni.

Mwenye gesi wa Dessau, 1891–1904

Wajerumani walipohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, walijikuta na mji mkuu wenye bandari nzuri na usio na kitu cha kupakia melini. Biashara ya bara iliendelea kuishia Bagamoyo na Zanzibar. Wazo la reli ya kati lilizaliwa humo: kuivuta biashara hadi Dar es Salaam kwa nguvu ya chuma. Oechelhäuser alikuwa miongoni mwa wanahisa wakubwa wa mambo ya koloni hili na aliwahi kuwa mbunge. Alikokotoa gharama, akachora njia, akaandika kitabu. Hoja yake ilikuwa ya mwenye viwanda: koloni lisilo na reli ni mtaji uliolala.

Wabunge wa Berlin hawakumsikiliza. Walikuwa na sababu. Huko Tanga kampuni binafsi ilianza kujenga reli ya Usambara mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ikalazimika kuichukua. Nani angetaka kurudia hasara ile kwa njia ndefu zaidi, kwenda katika nchi ambayo hesabu ya mizigo yake ilikuwa ya kukisia? Mswada wa reli ya kati ulikataliwa mara kwa mara.

Kilichowabadilisha mawazo kilikuwa kaskazini. Waingereza walianza kujenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, na kufikia 1901 vyuma vyao vilikuwa vimegusa Ziwa Nyanza. Ghafla mizigo ya Mwanza na Bukoba, ndani ya koloni la Ujerumani, ikawa inatoka kupitia Mombasa. Mwaka 1904 bunge likakubali. Kampuni ya reli ikaundwa kwa mtaji wa marki milioni 21, nyuma yake ikiwa Deutsche Bank, na serikali ikawahakikishia wenye hisa riba ya asilimia 3. Maana yake ni kwamba wawekezaji wasingepoteza hata kama garimoshi lingekwenda tupu. Kazi ya ujenzi wakapewa Philipp Holzmann wa Frankfurt, kampuni iliyokuwa imeshajenga reli za Anatolia, Uturuki.

Oechelhäuser alifariki mwaka 1902. Philipp Holzmann mwenyewe alifariki mwaka 1904, mwaka ule ule wa mkataba. Hakuna kati yao aliyeishi kuliona garimoshi likiingia Morogoro. Zaidi ya nusu karne baadaye rais wa nchi hii alitafsiri tamthilia mbili za yule Shakespeare aliyependwa na mwenye gesi wa Dessau, na moja akaipa jina *Mabepari wa Venisi*. Sidhani Mwalimu Nyerere alimfikiria Oechelhäuser alipokuwa akiiandika. Lakini riba, dhamana na mtu anayelipa kwa mwili wake ni mambo ambayo watu wa Reli ya Kati waliyajua kabla hayajatafsiriwa.

Kutoka Pugu hadi Morogoro, 1905–1907

Ujenzi ulianza Dar es Salaam mapema mwaka 1905. Upana wa reli ulikuwa mita moja. Njia ilipanda vilima vya Pugu, ikashuka kwenye tambarare la mto Ruvu, ikapita Ngerengere, kisha ikaelekea kwenye ukuta wa Uluguru. Umbali wote haukuzidi sana kilomita 200. Sehemu ngumu ilikuwa Ruvu. Mto huo hupokea maji ya mteremko wa mashariki wa Uluguru, na masika yakija hutanda juu ya bonde zima. Tuta la reli lililojengwa kiangazi lilipaswa kuhimili mvua ambayo wahandisi walikuwa hawajaiona.

Miezi michache baada ya kazi kuanza, Julai 1905, Vita vya Maji Maji vilizuka katika vilima vya Umatumbi. Vikaenea hadi kusini na magharibi mwa Morogoro. Hofu ilifika mpaka kwenye kambi za reli. Vita hivyo, pamoja na njaa iliyofuata baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala, vilisukuma watu kutafuta ujira popote. Kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilikuwa imekwisha kufanya kazi hiyo hiyo kwa njia ya polepole. Kwenye tuta walikuwapo Wanyamwezi wengi, watu waliokuwa wapagazi na watoto wa wapagazi, sasa wakijenga chombo ambacho kingeua kazi ya upagazi. Walifanya kazi chini ya wasimamizi wa Kizungu, wakiwamo Wagiriki na Waitaliano, na baadhi ya Wagiriki hao walibaki na kuwa walowezi wa mkonge.

Katika kambi hizo alikuwamo kijana mmoja mhandisi aliyeajiriwa na Holzmann, Clement Gillman, mzaliwa wa Madrid, mwenye umri wa miaka 23. Alikuja kupima njia na akabaki katika nchi hii mpaka alipofariki Dar es Salaam mwaka 1946. Tutakutana naye tena, kwa kuwa ndiye mtu wa reli aliyeangalia miti.

Jambo moja katika ujenzi ule lina uzito kwa habari ya misitu. Mataruma ya Reli ya Kati hayakuwa ya mbao. Yalikuwa ya chuma, yakiletwa kwa meli kutoka Ujerumani. Mchwa wa tambarare za Ruvu na Ngerengere wangelitafuna taruma la mbao katika muda mfupi, na viwanda vya chuma vya Ujerumani vilihitaji wateja. Hivyo misitu ya Morogoro iliepuka mzigo wa kwanza ambao reli nyingi duniani ziliitwika misitu: huko Marekani na India mamilioni ya miti yalilala chini ya vyuma. Hapa mti ulisubiri zamu yake. Zamu hiyo ilikuwa ndani ya tanuri la injini.

Desemba 1907 reli ilifunguliwa rasmi hadi Morogoro. Safari ya mpagazi ya siku nyingi ikawa safari ya siku moja. Bunge la Ujerumani likaridhia mwaka 1908 njia iendelee, ikafika Tabora mwaka 1912, na tarehe 1 Februari 1914 ikafunguliwa hadi Kigoma, kilomita 1,252 kutoka baharini. Miezi sita baadaye vita kuu vikaanza.

Usambara wapata reli ya magogo, Uluguru wakosa

Wakati Holzmann akiendelea kwenda magharibi, katika milima ya Usambara mambo yalikwenda njia nyingine. Huko wenye mitaji walijenga njia za kwenda kuuchukua msitu wenyewe.

Ya kwanza ilikuwa reli ya Sigi. Ilichomoka kwenye reli ya Usambara katika stesheni ya Tengeni, karibu na Muheza, ikapanda hadi bonde la mto Sigi chini ya Amani, umbali wa kilomita 23 hivi. Upana wake ulikuwa sentimita 75. Ilikuwa mali ya kampuni binafsi, ilianza kujengwa mwaka 1904, na ikakamilika mwaka 1910. Shabaha ilikuwa mbao ngumu za Usambara Mashariki, hasa mvule. Ilisaidia pia Taasisi ya Biolojia na Kilimo iliyoanzishwa Amani mwaka 1902, ambako Wajerumani walijaribu mimea ya kila aina, kuanzia kahawa mpaka mikwinini.

Ya pili haikuwa reli ya ardhini. Juu ya Shume, Usambara Magharibi, kwenye kimo cha karibu mita 2,000, palikuwa na msitu wa mwangati. Mti huu una mbao laini, zenye harufu nzuri, zinazochongeka bila kupasuka. Viwanda vya penseli vya Ujerumani vilitegemea mierezi ya Marekani, nayo ilikuwa ikiadimika. Kampuni ya Wilkins na Wiese ikapewa msitu wa Shume na kujenga kiwanda cha kupasua mbao mahali palipoitwa Neu-Hornow. Kuteremsha mbao hadi reli ya Usambara, waliagiza njia ya kamba za chuma kutoka kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig. Kamba hizo zilining'inia juu ya makorongo kwa karibu kilomita 9, zikishuka kiasi cha mita 1,500 mpaka stesheni ya Mkumbara. Mzigo unaoshuka kwa uzito wake ndio uliosaidia kuvuta vibebeo vitupu vilivyopanda. Wahandisi wa wakati huo waliisifu kama moja ya njia za kamba za ajabu duniani, na picha zake zilisambaa Ulaya.

Kwa nini Uluguru haikupata kitu kama hicho? Reli ilikuwa pale chini, ukiirushia jiwe unaipata.

Sababu ya kwanza ni umbo la milima. Uluguru inanyanyuka wima kutoka tambarare, na hapana uwanda wa juu wenye msitu mpana wa mti mmoja wa thamani kama Shume. Uwanda wa Lukwangule upo, lakini uko mbali kusini, juu ya mita 2,400, nyuma ya mabonde yenye kina. Sababu ya pili ni watu. Waluguru walilima mpaka ukingoni mwa msitu, na ardhi ilikuwa ya koo zenye wenyewe. Mlowezi aliyekuja na karatasi ya serikali alikuta bonde lina jina na mwenye jina yupo. Wachache walijaribu kahawa milimani, na kilichobaki cha enzi hiyo ni nyumba ya Morningside, ile inayoonwa na kila anayepanda kutoka mjini kuelekea Bondwa. Bidhaa ya milimani iliyoonekana kuwa na faida ilikuwa ulanga, madini mepesi yenye bei nzuri, ambayo mtu angeweza kuyateremsha bila kujengewa reli.

Sababu ya tatu nadhani ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote: maji. Chini ya milima, kando ya reli mpya, mashamba makubwa yalikuwa yakifunguliwa. Huko Kilosa na Kimamba tajiri mwenye viwanda vya nguo wa Württemberg, Heinrich Otto, alianzisha shamba kubwa la pamba kuanzia 1907, akaleta majembe ya mvuke. Mkonge, ulioletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, ulianza kupandwa pande za Ngerengere na Morogoro. Mji wenyewe, stesheni na injini vilikunywa maji ya Uluguru. Maofisa wa misitu walielewa kuwa mlima ukinyolewa, mito itakuwa ya masika tu. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na amri ya kuhifadhi misitu tangu 1904, na mwaka 1909 misitu ya vileleni ya Uluguru ikawekewa mipaka na kufanywa hifadhi.

Wenyeji hawakuulizwa. Makaburi, mashamba ya mapumziko na njia za kwenda matambikoni vilibaki upande wa ndani wa mpaka. Ni hifadhi iliyowekwa kwa ajili ya reli na mashamba ya chini, na hilo lisifichwe. Hata hivyo iliwekwa, na msitu ule upo mpaka leo.

Tanuri la injini, 1907–1950

Sasa tugeukie tambarare, maana huko ndiko miti ilikoanguka.

Injini ya mvuke hula moto mchana na usiku. Makaa ya mawe yalipaswa kuvuka bahari na kulipiwa kwa fedha nyingi, ilhali pande zote za njia kulikuwa na pori la miombo na mikambala. Reli ikachoma kuni. Mfumo ulikuwa rahisi: watu walikata miti karibu na njia, wakaipima kwa marundo ya kimo na upana uliokubaliwa, wakaipanga kando ya stesheni zenye matangi ya maji. Garimoshi likasimama, likanywa, likapakia, likaondoka. Kadiri ukanda wa karibu ulivyokwisha, wakataji waliingia ndani zaidi, na kuni zikawa ghali zaidi kwa kila hatua ya kuzifikisha relini.

Kazi hii ilifanywa kwa shoka na panga. Mkataji alilipwa kwa rundo, si kwa siku. Mti mnene ulimpotezea muda, mti mwembamba ulimjazia rundo upesi. Kwa hiyo machipukizi na miti michanga, ambayo ingekuwa msitu wa kesho, ndiyo iliyokwenda kwanza. Mninga na mpingo, miti ambayo fundi seremala angeitafuta kwa tochi, iliingia tanurini sambamba na miti isiyo na thamani.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliongeza kasi. Manowari za Kiingereza zilifunga pwani, makaa ya mawe hayakuja, na reli iliyobeba askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ilitegemea kuni pekee. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, wakizunguka na kukatiza Uluguru kwenda Kisaki, na nyuma yao waliacha madaraja yamelipuliwa na injini zimeharibiwa. Kwa muda Waingereza waliendesha malori ya petroli yaliyovishwa magurudumu ya reli ili kupeleka chakula kwa askari wao. Madaraja ya muda yalijengwa kwa magogo yaliyopatikana karibu. Na wapagazi, wale ambao reli ilidaiwa kuwaondolea mzigo, walirudishwa barabarani kwa maelfu mengi, na maelfu wakafa kwa njaa na maradhi.

Chini ya Waingereza reli ikawa Shirika la Reli la Tanganyika, nalo liliendelea na kuni. Humo ndani Gillman alipanda ngazi hadi kuwa mhandisi mkuu. Mtu huyu alitembea nchi nzima kwa miguu, daftari mkononi, akiandika habari za udongo, maji na mimea. Alipostaafu miaka ya 1930 alifanywa mshauri wa maji wa serikali. Mwaka 1942 aliandika historia fupi ya reli za Tanganyika, na ramani yake ya aina za uoto wa Tanganyika ilichapishwa mwaka 1949, miaka mitatu baada ya kifo chake. Naona haki kumtaja. Mhandisi ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alilipwa na injini inayokula miti ndiye aliyetuachia ramani ya kuonyesha miti ilikuwa wapi.

Mkonge ulikula pia. Kila shamba lilikuwa na reli yake ndogo ya toroli kutoka kwenye majani hadi kiwandani, na kila kiwanda kilikuwa na mtambo ulioendeshwa, kwa miaka mingi, kwa mvuke wa kuni. Pori lilifyekwa kupanda mkonge, kisha pori jirani likakatwa kuendesha kiwanda. Kutoka Ngerengere hadi Kimamba, ukanda wa kando ya njia ukabadilika rangi: kutoka miombo hadi safu za kijani kibichi zenye miiba, na baina yake vichaka. Sehemu kubwa ya kazi hii ya kukata ilikwisha pale tu injini zilipobadilishwa kutumia mafuta mazito, baada ya Reli ya Tanganyika kuunganishwa na ile ya Kenya na Uganda mwaka 1948.

Matombo, 1955

Milimani hofu ya maji haikuondoka na Wajerumani. Waingereza waliikuta na kuikuza. Idadi ya watu ilipanda, mashamba yakabana, udongo ukaonekana mwekundu kwenye mito. Badala ya kuuliza ni nani aliyechukua ardhi nzuri ya chini, serikali ililenga jembe la Mluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulikuja mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru: kila kaya ichimbe matuta ya ngazi, isichome moto, isilime miteremko fulani. Anayekaidi atozwe faini.

Matuta yalikuwa kazi nzito, hasa kwa wanawake, na mahali pengi yaliufukua udongo duni wa chini na kuufukia ule wenye rutuba. Mavuno yakapungua. Watu wakaanza kukataa, chama cha TANU kikapata masikio mengi milimani kuliko kilivyotarajia, na Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga. Polisi walitumia nguvu na mtu akauawa. Mpango ukafa mwaka huo huo.

Kuna wanaosema tangu hapo hifadhi ya Uluguru ilidhoofika kwa kuwa watu walihusisha mti na amri. Nakubaliana nao kwa sehemu. Ukanda wa Bunduki, uliounganisha msitu wa kaskazini na wa kusini, ulifyekwa katika miongo iliyofuata mpaka misitu hiyo miwili ikawa visiwa viwili. Lakini mkulima aliyeambiwa mara mbili katika maisha ya familia moja, mwaka 1909 na miaka ya 1950, kwamba ardhi ya babu zake inahitajika kwa ajili ya watu wa bondeni, hakuwa mjinga alipokosa imani.

Kutoka mafuta hadi umeme

Baada ya uhuru njia ziliongezeka. Tawi la Kilosa lilikwisha fika Mikumi mwaka 1960, likafika Kidatu mwaka 1965. Kiungo cha Ruvu na Mnyusi kikaunganisha Reli ya Kati na ya Tanga mwaka 1963. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, ikakata bonde la Kilombero. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na reli ikawa ya Shirika la Reli Tanzania. Philipp Holzmann, kampuni iliyoanza hadithi hii, ilifilisika mwaka 2002.

Huko Usambara njia za wenye mitaji zimekwisha. Kamba za Shume hazipo, vyuma vya Sigi vimeng'olewa. Lakini njia ikishafunguliwa kwenda kwenye mti, wengine huifuata: misitu ya Usambara Mashariki iliendelea kukatwa kwa ajili ya viwanda vya mbao vya Tanga, tena kwa msaada wa fedha za Finland, hadi kelele za wanasayansi zilipousimamisha ukataji huo miaka ya 1980. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi imekuwa kituo cha wageni wa Hifadhi ya Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997.

Misitu ya Uluguru iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, karibu hekta 24,000. Humo anaishi ndege asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Humo pia huanza mto Ruvu, unaolisha mitambo ya maji ya Ruvu Juu, iliyofunguliwa mwaka 1959, na Ruvu Chini ya mwaka 1976. Maji mengi ya bomba ya Dar es Salaam hutoka huko.

Tambarare haikupata ulinzi kama huo. Injini ilipoacha kuni, jiko lilizipokea. Mkaa wa Morogoro na Kilosa huenda Dar es Salaam kwa malori usiku na mchana, na misitu iliyobaki kando ya barabara, kama ule wa Kitulangalo unaotumiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine kwa mafunzo, inalindwa kwa shida. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Kwa mara ya kwanza tangu 1907 garimoshi la abiria linafika chini ya Uluguru bila moto ndani yake.

Majina ya upande mmoja wa historia hii yamehifadhiwa vizuri. Tunamjua Oechelhäuser, Holzmann, Otto, Wilkins, Wiese, Bleichert na Gillman. Mikataba yao, ramani zao na picha zao zimetunzwa. Wale waliokata kuni kwa rundo kuanzia Pugu hadi Kilosa, wakapanga marundo usiku ili garimoshi la alfajiri lisichelewe, hawana kitabu. Baadhi ya watoto wao wangali hai Ruvu, Ngerengere, Kingolwira, Mkata na Kimamba, na ni wazee sasa. Kama una babu au bibi katika stesheni hizo, kaa naye, muulize rundo lilikuwa na kimo gani, lililipwa shilingi ngapi, na msitu ulianzia wapi alipokuwa mtoto. Andika majibu, kisha upeleke nakala Makumbusho ya Taifa au maktaba ya Sokoine, Morogoro.